"Umemficha wapi mume wangu?"

Maswali ya wasomaji. Anajibu muuguzi mstaafu.

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu mzazi ana miaka 71, na mwaka juzi tuliambiwa ana demensia. Kusahau tumeshakuzoea. Lililotushinda ni hili la miezi mitatu sasa: jua likishuka tu, anamkataa baba. Anamkagua kuanzia juu hadi chini, kisha anamuuliza, "Umemficha wapi mume wangu?" Baba ana kovu kidevuni, alianguka na baiskeli ujanani. Juzi alimwonyesha. Mama akalitazama kwa makini akasema, "Hata kovu mmelichora. Hongera." Mimi ananitambua vizuri, na majirani pia anawatambua.

Wiki iliyopita alimfungia baba nje. Baba akazunguka uani, akampigia simu. Mama akaipokea kwa furaha: "Uko wapi wewe? Njoo upesi, kuna mzee hapa nje anajifanya ni wewe." Baba alikuwa hatua tatu kutoka dirishani, simu sikioni.

Ndugu wameanza kunong'ona kwamba mama ana kinyongo cha siku nyingi, na kwamba lazima kuna jambo baba alimfanyia. Baba mwenyewe ameanza kujiuliza. Mama, kweli mtu anaweza kumsahau mume wa miaka 46 asimsahau jirani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilipofika kwenye hiyo simu niliiweka barua yako mezani nikatoka nje kidogo. Sababu nitakwambia baadaye.

Nianze na hilo neno "kumsahau", maana ndilo linalowapotosha. Mama yako hajamsahau mumewe. Aliyemsahau mtu humuuliza, "Wewe nani?" Yeye anajua sura ya mumewe ilivyo, anajua kovu liko upande gani, na ndiyo maana ameweza hata kumsifu mchoraji. Sura ameitambua barabara. Kilichokosekana ni kitu kingine, ambacho sisi wazima hatukioni kwa sababu hakijawahi kutukosa hata siku moja.

Mtu wako akiingia mlangoni, mambo mawili hutokea kichwani mwako karibu kwa pamoja. Sehemu ya chini ya ubongo, hasa upande wa kulia, kuna mkunjo unaoshughulika na sura za watu. Huo ndio unaosema "huyu ni fulani". Wakati huohuo habari inakimbia kwa njia nyingine hadi kwenye sehemu zinazohusika na hisia, mojawapo ikiitwa amigdala, na mwili mzima unaitikia: moyo unabadilika kidogo, viganja vinatoa jasho jembamba usilolihisi. Hilo itikio la pili ndilo linalokuambia kwamba huyu ni wako. Sasa chukulia njia ya kwanza ni nzima na ya pili imekatika. Mbele yako yupo mtu mwenye sura ya mumeo, sauti yake, kovu lake, na mwili wako umenyamaza kimya kama unatazama mpita njia. Ungefikiri nini?

Hali hii inaitwa Capgras, kwa jina la daktari Mfaransa Joseph Capgras, ambaye mwaka 1923, pamoja na mwenzake Jean Reboul-Lachaux, alieleza habari za mwanamke mmoja wa Paris aliyedai kwamba mumewe na watoto wake wameondolewa na kuwekwa watu wanaofanana nao. Kwa miaka mingi baada ya hapo wataalamu walisema yaleyale wanayosema ndugu zako leo: huyu mgonjwa anampenda na kumchukia mtu mmoja, chuki ameona aibu kuikiri, basi amejitengenezea mtu wa pili wa kumchukia. Nadharia ilikuwa tamu. Kasoro yake ni kwamba haikueleza kwa nini hali hii inawapata watu waliopigwa na kiharusi, au waliogonga kichwa, au wazee ambao ubongo wao unasinyaa. Kinyongo hakichagui upande wa ubongo.

Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Hadyn Ellis na Andrew Young, walitoa wazo la njia mbili, na wazo hilo lilikuwa na uzuri wa kupimika. Miaka saba baadaye Ellis na wenzake wakapima. Walifunga vipimo vya jasho kwenye vidole vya wagonjwa wachache wa Capgras, wakawaonyesha picha za sura, nyingine maarufu na nyingine za watu wasiowajua. Mtu wa kawaida akiona sura anayoijua kipimo kinapanda. Kwa wagonjwa hawa kipimo hakikutofautisha sura waliyoijua na ya mgeni.

Kuna na kinyume chake, nacho ndicho kilichonishawishi mimi kuliko chochote. Wapo watu ambao kwa sababu ya jeraha la ubongo hawatambui sura hata moja, hata ya mama mzazi. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani aitwaye Russell Bauer alimwonyesha mgonjwa wa aina hiyo picha za watu anaowafahamu, huku akimsomea majina. Mgonjwa hakuweza kusema picha ni ya nani. Ila jina la kweli liliposomwa, ngozi yake iliitikia. Mdomo haujui, mwili unajua. Mama yako ni kioo cha mtu huyo: mdomo unajua, mwili haujui.

Na sasa simu. Sauti ina njia yake yenyewe ya kufika kwenye hisia, na kwa mama yako njia hiyo bado ni nzima. Mwaka 1997 William Hirstein na Vilayanur Ramachandran waliandika habari za kijana aliyeumia kichwa katika ajali ya gari. Wazazi wake wakiwa mbele yake alisema ni watu wa bandia. Wakimpigia simu wakiwa chumba kingine, aliongea nao kama mtoto na wazazi wake. Hawakuwa wamefanya kosa lolote, sawasawa na baba yako.

Hilo pia linajibu swali lako la jirani. Jirani hatarajiwi kukusisimua. Akija, mwili ukitulia, hakuna kilichopungua. Pengo linaonekana pale tu palipokuwa na kitu, na kwa mume wa miaka 46 palikuwa na kitu kikubwa kuliko kwa yeyote. Waambie ndugu zako hivyo. Na waambie tena kwamba yule mgonjwa ambaye daktari Alois Alzheimer alimweleza mwaka 1906, yaani mgonjwa wa kwanza kabisa wa ugonjwa unaobeba jina hilo, alianza na tuhuma na wivu juu ya mumewe. Dhana za namna hii zimekuwamo ndani ya ugonjwa tangu ukurasa wa kwanza.

Lakini ubaridi peke yake hautoshi kumfanya mtu aamini jambo la ajabu namna hii. Niliwahi kurudi kutoka zamu ya usiku nina homa kali, nikafungua chumba changu mwenyewe nikakiona kigeni: kitanda si changu, pazia si langu. Nilisimama pale mlangoni nikajiambia, "Una homa wewe, lala." Nikalala. Kichwani mwangu kulikuwa na mtu wa kukataa upuuzi. Na kweli wapo watu walioumia sehemu ya chini ya mbele ya ubongo, ambao mwili wao hauitikii sura za jamaa zao, na hawadai kwamba jamaa zao ni wa bandia. Wanasema tu, huyu ni kaka yangu. Mtaalamu Max Coltheart wa Australia na wenzake wanasema kwa hiyo lazima viharibike vitu viwili: kile kinacholeta hisia ngeni, na kile kinachoipima hisia hiyo na kuitupa. Hicho cha pili wanakiweka sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kulia.

Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Marekani lilikusanya picha za ubongo za wagonjwa waliopata dhana hizi baada ya kiharusi au jeraha. Majeraha yalikuwa hapa na pale, hayakufanana. Walipofuatilia kila jeraha limeunganika na wapi, njia zikakutana sehemu mbili: moja iliyo ndani, nyuma, inayohusika na kuona kitu au mahali kuwa pa kuzoeleka, na nyingine mbele upande wa kulia, inayoamka pale jambo lisipolingana na tulivyotarajia. Hao walikuwa na majeraha ya sehemu moja moja. Demensia haina adabu hiyo. Inakula nyuzi polepole na mahali pengi, ndiyo maana mama yako asubuhi anaweza kumtania baba na jioni akamfungia nje. Jioni mwanga umepungua, amechoka, na yule mpimaji wa mbele, ambaye tayari ni dhaifu, anakuwa ameshafunga ofisi.

Nirudi kwenye kutoka kwangu nje.

Mama yangu alinikataa mimi. Nilikuwa nauguza wazee miaka 20 wakati huo, najua kila kitu, au nilidhani. Siku ya kwanza aliponiambia "wewe si mwanangu" nilicheka. Siku ya nne nilimletea cheti changu cha kuzaliwa. Alivaa miwani, akasoma jina langu, jina lake, tarehe, akanirudishia. "Na karatasi zake umeiba." Nililia jikoni kama mtoto. Kilichoniokoa ni bahati tu: jioni moja nilifika nikiwa bado na sare ya kazi. Akanikaribisha. "Nesi, kaa. Nina binti yangu naye ni nesi kama wewe." Akaanza kunisimulia habari zangu, nilivyokuwa mkaidi, nilivyovunja saa ya baba. Tangu siku hiyo nikawa nesi. Nilimwogesha nikiwa nesi miezi kumi na minne, na nilijua mambo mengi kunihusu ambayo binti asingeambiwa.

Na nikakumbuka, kwa aibu, wagonjwa ambao niliwaandikia kwenye majalada neno "msumbufu" kwa kumkataa mke au mtoto aliyekuja kumwona.

Sasa la kufanya. La kwanza ni daktari, na umuulize waziwazi kama hii ni demensia ya miili ya Lewy. Miili hiyo ni mabonge ya protini ndani ya seli za neva, ilielezwa na Friedrich Lewy mwaka 1912, na Capgras huonekana zaidi kwenye demensia hii kuliko kwenye Alzheimer ya kawaida. Kabla hujaenda, chunguza: mama anaona watoto au wanyama ambao hawapo? Anapiga mateke au kupayuka akiwa usingizini, kama anayeishi ndoto yake? Mwendo umekuwa mzito, hatua fupi? Siku moja yuko macho kabisa, kesho kama amezama? Andika, mpe daktari karatasi.

Ninasisitiza hili kwa sababu ya dawa. Mtu akisema mumewe ni wa bandia, ni rahisi kumwandikia dawa za kutuliza wazimu. Mwenye ugonjwa wa Lewy baadhi ya dawa hizo zinamdhuru vibaya, haloperidoli ikiwa mfano mkubwa. Mama yangu alipewa dawa ya jamii hiyo na daktari aliyekuwa na haraka. Siku ya pili alikakamaa kama ubao, kijiko hakiingii mdomoni, na ilichukua wiki nzima kurudi alipokuwa. Hata kwa demensia za aina nyingine, mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa hizi zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee. Sisemi hazitumiki kabisa. Zinatumika pale pana hatari, kwa kiasi kidogo, kwa muda mfupi, na kwa jicho kali. Kwa Lewy, dawa zinazohifadhi asetilikolini, kemikali ambayo seli za neva hupelekeana habari kwayo, kama donepezili na rivastigmini, zinaweza kupunguza maruweruwe na dhana hizi.

Kama hali imekuja ghafla au imezidi ndani ya siku chache, apimwe mkojo, mwangalie choo kama kimefunga, na mpitie dawa mpya zote. Maambukizi ya mkojo tu yanaweza kumvuruga mzee kichwa kizima. Miwani yake isafishwe, kifaa cha kusikia kama anacho kiwe na betri, taa ziwashwe kabla giza halijaingia.

Baba asibishane. Kovu lisionyeshwe tena, wala cheti cha ndoa. Kila ushahidi anaoleta unakuwa ushahidi kwamba tapeli ni hodari. Atoke, na anaporudi aanze kuongea angali nje, hajaonekana: amwite mama kwa jina analomwita yeye peke yake, aulizie jambo, aingie maneno yakiwa yanaendelea. Sauti itangulie, sura ifuate. Haitafanya kazi kila siku. Siku ambayo haikufanya kazi wewe shika zamu, baba akalale chumba kingine.

Neno moja la uzito: mtu anayeamini tapeli ameingia chumbani mwake anaweza kujitetea, na waliowahi kudhuru ndugu zao kwa hali hii wapo. Visu na vitu vizito viondolewe karibu. Akianza kumtishia baba, hilo si la kuvumilia kifamilia, ni la kumpigia daktari siku hiyohiyo.

SWALI: Baba yangu ameacha kunyoa ndevu. Anasema bafuni kuna mzee anayemkodolea macho. Nikisimama naye mbele ya kioo ananiona mimi kwenye kioo na kusema ni mimi, lakini yule wa pembeni yangu anasema hamjui. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana, na umekuwa mwangalifu kuliko wengi kwa kuliona hilo. Baadhi ya wagonjwa hawaelewi tena kioo ni kitu gani, wananyoosha mkono kushika vilivyomo. Wengine, kama baba yako, kioo wanakielewa vizuri, watu wengine wanawatambua ndani yake, ila sura yao wenyewe ndiyo iliyopotea. Sehemu ya sababu huenda ni kwamba sura anayoikumbuka ni ya mtu wa miaka 40. Lakini hapa tena yule mpimaji wa upande wa kulia mbele ndiye aliyepaswa kusema, "Kioo kina mimi, basi huyu ni mimi."

Funika kioo kwa kitambaa, mnyoe akiwa ameketi chumbani akiangalia dirisha. Usiku funga mapazia, maana kioo cha dirisha nacho kina mzee. Ila kabla hujafunika sikiliza kwanza wanavyoelewana. Niliwahi kumuuguza bibi mmoja aliyekuwa na shoga yake kwenye kioo cha kabati. Walisalimiana kila asubuhi, wakasemana wakwe zao. Tulipoweka kabati jipya lisilo na kioo alikaa siku mbili hali chakula. Kabati la zamani likarudishwa.

SWALI: Bibi anafungasha nguo kila alasiri anataka arudishwe nyumbani, na yuko nyumbani, nyumba aliyoijenga na babu. Ukimwonyesha vitu vyake anakubali ni vyake, anasema "wamevihamishia huku". Tumwambieje?

JIBU: Daktari Arnold Pick wa Prague alikuwa na mgonjwa kama bibi yako, akaandika habari zake mwaka 1903: mwanamke aliyeshikilia kwamba kliniki ziko mbili, zinafanana kila kitu, na yeye yuko kwenye ile nyingine. Ni ndugu wa lile la barua ya kwanza. Huko mtu aliyezoeleka anaonekana mgeni, huku nyumba iliyozoeleka inaonekana ngeni.

Msimwambie "hapa ndipo nyumbani", mmeshajaribu. Muulizeni nyumbani kwake kukoje. Mlango uko upande gani, nani anamsubiri. Akimaliza kusimulia, mara nyingi haraka imepungua. Kufungasha kwenyewe hakuna madhara. Mwacheni akunje nguo, usiku mzirudishe. Kutembea naye kuzunguka nyumba na kurudi kwa mlango uleule kumewasaidia wengi. Na muangalie saa: ikiwa ni alasiri kila siku, yaelekea amechoka, ana njaa au anataka choo, na neno alilobaki nalo la yote hayo ni "nyumbani".

Kwa binti wa barua ya kwanza, nimesahau jambo dogo. Mwambie baba asikubali simu yake iishe chaji jioni.